Chanjo ina ufanisi wa asilimia 95, mbona waliochanjwa bado wanaugua?

Dada yangu, swali lako moja lina maswali matatu ndani yake na yote ni ya maana. Unasema surua imeingia shuleni kwa mwanao, yeye ana dozi zote mbili na hajaumwa, ila umesikia kwamba zaidi ya nusu ya watoto walioumwa nao walikuwa wamechanjwa, sasa unauliza chanjo inafanya nini hasa mwilini, ile asilimia 95 wanaipata wapi, na kwanini mtu aendelee kuiamini kama wanaougua wengi ni wale wale waliochanjwa. Kazi yangu ni kufuatilia milipuko na kupima chanjo zinafanya kazi kiasi gani, na hilo la mwisho ndo linalowachanganya watu kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Tuchukue shule yenye watoto 1,000, nambari hizi nazitunga ili hesabu iwe nyepesi, sio za shule yenu. Watoto 960 wamechanjwa, 40 hawajachanjwa. Surua inaingia, na surua ni ugonjwa mkali sana wa kuambukiza, mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu wasio na kinga anaambukiza watu 12 mpaka 18, na virusi vyake vinaweza kubaki kwenye hewa ya chumba mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa mwenyewe kutoka. Kwa wale 40 ambao hawajachanjwa wanaumwa 30. Kwa wale 960 waliochanjwa wanaumwa 36. Jumla ya wagonjwa 66, na 36 kati yao wamechanjwa, yaani zaidi ya nusu, sawasawa na ulivyoambiwa. Mtu anaangalia hapo anasema si mnaona, chanjo haifanyi kitu. Lakini hujauliza hao 36 wametoka kwenye watu wangapi. Wametoka kwenye 960, hiyo haifiki hata watoto 4 katika kila 100, wakati kwa wasiochanjwa wameumwa 75 katika kila 100. Gawanya 3.75 kwa 75 unapata 0.05, maana yake hatari ya mtoto aliyechanjwa ni asilimia 5 tu ya hatari ya mwenzake ambaye hajachanjwa, zile 95 zilizobaki zimeondolewa na chanjo. Na kama hao 960 wangekuwa hawana chanjo, kwa mwendo ule ule wangeumwa 720, sio 36.

Sasa sogeza mbele kidogo, tuseme watoto wote 1,000 wamechanjwa, basi kila atakayeumwa atakuwa amechanjwa, asilimia 100, na mtu ataiandika hiyo kwenye simu na itasambaa usiku mmoja. Kadiri watu wengi zaidi wanavyochanjwa ndivyo waliochanjwa wanavyoonekana wengi kwenye orodha ya wagonjwa, hata orodha yenyewe inapozidi kuwa fupi. Kwa hiyo ukiletewa habari ya aina hii, kabla hujashtuka, uliza kwenye jamii ile wangapi wamechanjwa na wangapi hawajachanjwa. Bila hiyo nambari ya chini huwezi kusema lolote, si la kuisifia chanjo wala la kuiponda.

Na hapo hapo umeshapata maana ya asilimia 95. Wengi wanadhani ni kwamba watu 5 katika kila 100 waliochanjwa wataumwa, hapana. Ni ulinganisho wa makundi mawili, lililochanjwa na lisilochanjwa, kwa ugonjwa fulani, ndani ya muda fulani. Mfano mzuri ni jaribio la chanjo ya Korona ya Pfizer na BioNTech mwaka 2020, kila upande ulikuwa na watu zaidi ya 18,000 waliohesabiwa, upande mmoja wamepewa chanjo na wa pili sindano ya maji ya chumvi tu, na hakuna aliyejua kapewa nini, sio mchanjwaji wala anayempima. Upande wa maji ya chumvi waliumwa watu 162, upande wa chanjo waliumwa 8. Linganisha 8 na 162 unapata ile asilimia 95 iliyotangazwa dunia nzima. Lakini angalia, hata kwenye upande wa maji ya chumvi hakuugua hata mtu 1 katika kila 100 kwa ile miezi michache, na upande wa chanjo waliougua ni kama 4 katika kila 10,000. Kwa hiyo ile 5 iliyobaki wala haikuwa idadi ya wagonjwa. Pia ile 95 yenyewe haikuwa nambari moja iliyosimama, mahesabu yalionyesha kwamba ukweli ulikuwa mahali fulani kati ya 90.3 na 97.6, maana kesi 8 ni chache na zingeweza kuwa 5 au 12 kwa bahati tu. Siku zote mtu akikupa asilimia bila hiyo mipaka yake ya chini na ya juu ujue amekupa nusu ya jibu.

Twende ndani ya mwili sasa, maana bila kuelewa huko hutaelewa kwanini chanjo moja inazuia ugonjwa maisha yote na nyingine inataka irudiwe.

Chanjo inakuletea mwilini kipande cha adui au adui mwenyewe aliyedhoofishwa. Ya surua ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, vinazaliana kidogo bila kukuletea ugonjwa. Ya pepopunda ni sumu ya bakteria iliyoharibiwa isidhuru tena ila umbo lake limebaki. Ya homa ya ini B ni protini moja tu ya ganda la virusi. Zile za mRNA hazina protini kabisa, zina maelekezo ambayo seli zako zenyewe zinayasoma na kuitengeneza protini kwa siku chache halafu maelekezo yanaoza. Sindano inapoingia kwenye msuli kunakuwa na mshtuko mdogo pale pale, wekundu, maumivu, joto, hiyo ni ile kinga ya haraka tuliyozaliwa nayo inayoitikia chochote kigeni, na mshtuko huo unahitajika, ndo maana chanjo nyingi za protini zinachanganywa na chumvi za aluminiamu, protini safi ikiingia kimya kimya mwili unaweza usiijali. Seli fulani za ulinzi zinazozunguka kwenye ngozi na nyama zinakimeza kile kipande, zinaondoka nacho mpaka kwenye tezi za limfu, ukichanjwa mkono mara nyingi ni tezi za kwapani, na watu wengine wanazihisi zimevimba siku mbili tatu, wanaogopa, kumbe ndo kazi yenyewe inafanyika pale.

Kwenye hizo tezi kuna aina mbili za seli za kinga, seli B na seli T, mamilioni kwa mamilioni, na kila seli B imezaliwa na kipokezi chake cha umbo lake, limepangwa kwa kubahatisha kabla hujakutana na ugonjwa wowote. Nyingi hazitapata kazi maisha yako yote. Ila chache kati yao kipokezi chao kinashikana na kile kipande kilicholetwa, na hizo zikipata idhini kutoka kwa seli T zilizotambua adui yule yule zinaanza kugawanyika kwa kasi. Halafu inatokea kitu ambacho mimi binafsi sijawahi kukizoea pamoja na kukifundisha miaka yote hii. Zikigawanyika zinaruhusu makosa madogo kwenye jeni za kile kipokezi, makusudi, zinatoka ndugu wanaofanana lakini sio sawa, kisha wanashindanishwa nani anakishika kile kipande vizuri zaidi, anayeshika vibaya anakufa, anayeshika vizuri anagawanyika tena na kukosea tena na kushindanishwa tena. Mchujo huo unakwenda wiki nyingi. Kwa hiyo mtu aliyechanjwa mwezi uliopita na anajiona yupo kawaida kabisa, hana homa wala maumivu, tezi zake bado zinachuja na kingamwili anazotengeneza, yaani zile protini za kwenye damu zinazomshika adui, zinazidi kuwa bora wiki hadi wiki. Hii pia ndo sababu kubwa ya kuachanisha dozi kwa wiki kadhaa, ukiirudisha mapema mno mchujo haujamaliza na faida ya dozi ya pili inapungua.

Mwisho wa kazi hiyo unabaki na vitu viwili, na naomba uvitenganishe kichwani maana kila kitu nitakachosema baadae kinasimama hapo. Kitu cha kwanza ni akiba ya kingamwili ambazo tayari zinazunguka kwenye damu, zinatengenezwa na seli zilizohamia kwenye uboho wa mifupa na baadhi yake zinaishi miaka mingi sana. Kitu cha pili ni kumbukumbu, yaani seli B na T zilizofuzu ule mchujo, zimetulia tu, hazitoi kingamwili, zinasubiri. Mara ya kwanza mwili ulichukua kama siku 10 mpaka 14 kutoa kingamwili za maana, ila kumbukumbu ikiamshwa inajibu ndani ya siku chache na kwa wingi zaidi. Akiba inamkuta adui mlangoni. Kumbukumbu inahitaji muda kidogo wa kuamka.

Sasa ugonjwa nao una muda wake. Surua ikiingia mwilini inachukua karibu siku 10 kabla homa haijaanza, na vipele vinafuata, kwa hiyo kumbukumbu ina muda wa kutosha kuamka na kumaliza kazi. Homa ya ini B ni zaidi, inachukua mwezi mmoja mpaka hata miezi sita, ndo maana mtu aliyeitikia vizuri chanjo yake anabaki amelindwa hata miaka ikipita na kingamwili za kwenye damu zikashuka mpaka kipimo kikazikosa. Lakini chukua homa ya mafua au Korona, siku mbili, tatu, nne umeshaanza kupiga chafya. Hapo kumbukumbu inachelewa kuzuia ugonjwa wa puani na kooni, ila inawahi kabla haujashuka kwenye mapafu na kukuua. Kwa hiyo miezi ikipita na akiba ikishuka, utaona ufanisi wa kuzuia maambukizi unaanguka huku ufanisi wa kuzuia kulazwa na kufa unashikilia juu. Watu waliiona hiyo kwenye Korona wakasema tulidanganywa, lakini ni kinga ile ile, kilichobadilika ni kitu unachohesabu.

Pepopunda nayo ina hadithi yake. Bakteria wake wanatoa sumu kali kiasi kwamba kiwango kinachotosha kukukakamaza mwili mzima ni kidogo mno kuuamsha mfumo wa kinga, mtu anaweza akaugua pepopunda akapona na bado asiwe na kinga, lazima achanjwe. Na kwa sumu ya namna hiyo huwezi kutegemea kumbukumbu peke yake, unataka akiba iwepo kwenye damu tayari siku msumari unapokuchoma, ndo maana dozi za kuongezea nguvu zinahimizwa.

Narudi kwenye kupima. Nimesema asilimia ni ulinganisho, basi kuna maswali mawili ya kuiuliza asilimia yoyote, umehesabu nini, na umewalinganisha na nani. Hakuna mahali maswali haya yanaonekana wazi kama kwenye jaribio la chanjo ya polio ya Jonas Salk huko Marekani mwaka 1954. Kwenye sehemu ya jaribio iliyotumia sindano bandia watoto 200,745 walipata chanjo na 201,229 walipata sindano bandia. Nani alipata nini ilipangwa kwa bahati nasibu. Polio iliyothibitishwa ilikuwa kesi 57 upande wa chanjo na 142 upande wa sindano bandia, hiyo ni ufanisi wa karibu asilimia 60. Lakini ukichukua waliopooza tu, ni 33 kwa 115, hapo ufanisi unapanda mpaka karibu 71. Na ukichukua wale ambao hawakupooza ni 24 kwa 27, karibu hakuna tofauti! Chanjo moja, watoto wale wale, msimu ule ule, na majibu matatu tofauti. Sababu mojawapo ni kwamba polio isiyopoozesha ni ngumu kuitambua, inafanana na magonjwa mengine chungu nzima ambayo chanjo ya polio haina habari nayo, na ukichanganya hao wagonjwa kwenye hesabu unaishusha chanjo bila kosa lake. Na kuna sababu ya kimwili pia, chanjo ya sindano inajaza kingamwili kwenye damu, inavizuia virusi visifike kwenye neva, ila kule kwenye utumbo ambako virusi vinazaliana haina nguvu sana. Ile ya matone ya mdomoni ndo inayoacha kinga nzuri kwenye utumbo. Kwa hiyo kuhesabu kupooza ndo kuhesabu kile hasa chanjo hii ilichotengenezwa kukizuia.

Swali la kuwalinganisha na nani lilijibiwa pale pale. Kulikuwa na kundi la tatu, watoto ambao wazazi wao walikataa wasishiriki kabisa. Ungetegemea hao wawe sawa na waliopewa sindano bandia, si wote hawana chanjo? Kumbe waliopewa sindano bandia waliugua 71 kwa kila 100,000 na waliokataa waliugua 46 kwa kila 100,000. Chanjo hakuna huku wala kule na bado tofauti ni kubwa hivyo! Maelezo yake ni kwamba familia zenye uwezo zaidi ndo zilizokubali zaidi kushiriki, na watoto wa mazingira masafi walikuwa wanakutana na virusi vya polio wakiwa wameshakua, wakati mtoto wa mazingira yenye msongamano anakutana navyo akiwa mchanga bado ana kingamwili za mama yake, anaumwa kidogo au haumwi kabisa na anabaki na kinga. Sasa fikiria wangekosa kundi la sindano bandia wakawalinganisha waliochanjwa, 28 kwa kila 100,000, na hao waliokataa. Wangepata ufanisi wa asilimia 39 badala ya 60. Chanjo nzuri ingeonekana dhaifu kwa sababu tu ya kuchagua vibaya wa kulinganisha naye. Mtu akiniuliza kwanini tunang'ang'ania bahati nasibu na sindano bandia namuonyesha nambari hizo.

Lakini chanjo ikishakubalika huwezi tena kumpa mtoto sindano bandia, itakuwa ni kumnyima kinga, kwa hiyo huku nje tunapima kwa njia nyingine na zote zina mitego. Waliochanjwa na wasiochanjwa sio watu wa aina moja, wanatofautiana umri, afya, umbali wa kufika hospitali, hata tabia ya kwenda kupima wakiumwa. Njia inayotumika sana kwa mafua na Korona ni kuwachukua wote waliokuja kituoni na dalili zile zile, kikohozi na homa, ukawapima wote, halafu ukawagawa waliokutwa na ugonjwa na waliokutwa hawana, ukaangalia chanjo ilikuwa kwa wangapi kila upande. Kwa kuwa wote wameamua kuja kutibiwa, ile tofauti ya nani anapenda kwenda hospitali inapungua sana. Kwa njia hii ndo tunajua kwamba chanjo ya mafua, mwaka ambao imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60, na mwaka ambao haikulingana inashuka chini ya hapo.

Kuna magonjwa mengine ukisema usubiri kuhesabu wagonjwa utazeeka. Saratani ya mlango wa kizazi inachukua miaka mingi tangu virusi vya HPV viingie, kwa hiyo majaribio ya mwanzo yalihesabu maambukizi yanayong'ang'ania na vidonda vya awali. Saratani yenyewe ilisubiriwa, na mwaka 2020 Sweden wakatoa takwimu za wanawake karibu milioni 1.7 kwamba waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na saratani hiyo pungufu kwa asilimia 88. Ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu chanjo ianze kutumika kuipata nambari hiyo, na kwangu ni kati ya nambari nzuri kabisa katika kazi hii.

Nisiipite malaria, maana huwa naona watu wanaidharau chanjo yake kwa kuangalia asilimia peke yake. Ile inayoitwa RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 kwenye vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania na Kilifi kwa Kenya. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ufanisi kwa miaka kama minne ulikuwa karibu asilimia 36. Mtu anasema 36 tu? Rudi kwenye muda wa ugonjwa. Mbu akikuuma vimelea vinaondoka kwenye ngozi na kuingia kwenye ini kwa haraka sana, suala la dakika hadi masaa, na chanjo hii inalenga kile kimelea kabla hakijafika kwenye ini. Kumbukumbu haina nafasi ya kuamka, ni akiba tupu ya kingamwili inayofanya kazi, na akiba ikishuka kinga inashuka nayo. Ndo maana kuna dozi ya nne. Lakini mtoto wa eneo lenye malaria nyingi haumwi mara moja, anaumwa tena na tena, kwa hiyo hiyo 36 kwenye maisha halisi ilikuwa kuzuia zaidi ya kesi 1,700 kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa, kesi nyingi kuliko watoto wenyewe. Chanjo ya asilimia 36 kwa ugonjwa unaorudi rudi inaweza kuokoa watoto wengi kuliko chanjo ya asilimia 95 kwa ugonjwa ambao ni nadra. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na ya pili, R21, Oktoba 2023.

Turudi kwa mwanao. Chanjo ya surua haifanyi kazi kidogo kidogo kwa kila mtoto, kwa sehemu kubwa inafanya kazi kabisa kwa wengi na inashindikana kabisa kwa wachache. Sababu kubwa ya kushindikana ni kingamwili za mama, mtoto anazaliwa nazo, zinamlinda miezi ya mwanzo, lakini zikiwa bado zipo siku ya chanjo zinaviua virusi vya chanjo kabla havijazaliana na mwili hausomi chochote. Ndo maana dozi haitolewi mtoto akizaliwa, na hata ikitolewa miezi 9 inashika kwa watoto karibu 85 katika kila 100, ikitolewa baada ya kutimiza mwaka inashika kwa zaidi ya 90. Dozi ya pili kazi yake hasa ni kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika, na baada ya mbili ni karibu 97 wamelindwa. Kwa hiyo kwenye shule yenu, wale watoto waliochanjwa na bado wakaumwa, ningependa kujua kwanza wangapi walikuwa na dozi moja tu, mara nyingi tukifungua kadi moja moja tunakuta wengi wameandikwa wamechanjwa na wamepata nusu ya kazi.

Umeuliza pia kama umpime damu ujue kama imemshika. Kwa mtoto mwenye dozi mbili zilizoandikwa kwenye kadi sioni haja, kadi inatosha. Kipimo cha kingamwili kina maana zaidi pale ambapo kuna kiwango kinachojulikana, kama homa ya ini B ambapo wahudumu wa afya wanapimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho kuona kama wamefika vizio 10, na hata hapo kinasoma ile akiba tu, kumbukumbu haionekani kwenye kipimo hicho.

Wasiwasi wako ningeuelekeza kwa wale watoto ambao hawajachanjwa, na wadogo zao walioko nyumbani ambao hawajafikisha umri. Mchanga wa miezi minne hawezi kuchanjwa surua, kinga yake ni watu wanaomzunguka, na kwa ugonjwa unaosambaa hivi inatakiwa karibu watu 95 katika kila 100 wawe na kinga ndo ukose njia ya kupita. Mtoto ambaye hajachanjwa na amekaa darasa moja na mgonjwa, na ameshafikia umri wa kuchanjwa, akipelekwa kuchanjwa ndani ya masaa 72 tangu akutane na mgonjwa anaweza kuwahi, kwa sababu ile ile ya zile siku 10, virusi vya chanjo vinaamsha kinga kabla vya ugonjwa havijamaliza safari yao. Kama unawafahamu wazazi wenye watoto wa hivyo pale shuleni wapigie simu leo usingoje Jumatatu.